Dvořák: mutoto wa muuza nyama aliyerudi kwenye kijiji cha wachimbaji

 Kwenye ukurasa huu tumezoea kuzungumuza juu ya mishahara, juu ya kontra na juu ya ajali. Leo tunaleta maisha ya mutu wa muziki aliyekufa zamani, tarehe 1 Mei 1904. Tarehe ile peke yake ingetosha kutufanya tumukumbuke, kwa kuwa kwetu wafanyakazi ni siku yetu kubwa. Lakini iko na sababu ingine.

Sisi watu wa komite ya sendika, kisha mukutano kwisha, tunabakiaka kidogo kwa kusikiliza muziki. Mwenzetu mumoja wa pansioni, aliyepiga tarumbeta kwenye fanfare ya cité wakati wa ujana wake, alituletea simfonia moja ndani ya kadi ya telefone. Simfonia ni moja, lakini kwenye kadi ilikuwa mara ine: orkestra ine, mashefu wane, miaka tofauti. Alituomba tusikilize zote ine na tumuambie tunapenda gani. Tulizani ni muchezo tu. Tulibishana wiki tatu. Na kwa kubishana vizuri tulipashwa kwanza kujua mutu aliyeiandika, aliishi namna gani na alikula wapi.

Simfonia ile inaitwa Dunia Mupya. Mwenye kuiandika ni Antonín Dvořák. Jina lake linasomeka karibu sawa Dvorjak.

Mutoto wa kwanza wa muuza nyama

Dvořák alizaliwa tarehe 8 Septemba 1841 ku Nelahozeves, kijiji kidogo kando ya mto Vltava, karibu na muji wa Praha. Inchi yake ni Bohemia, inchi ya Wacheki. Wakati ule Wacheki walikuwa chini ya mufalme wa Austria, na luga ya biro na ya pesa ilikuwa Kijerumani. Baba yake alikuwa anachinja na kuuza nyama, na alikuwa na nyumba ndogo ya kulaza wageni na kuuza pombe. Antonín alikuwa mutoto wa kwanza kati ya watoto wengi. Kwa desturi, mutoto wa kwanza njo mwenye kurizi kazi ya baba.

Walimutuma kwenye muji mudogo wa Zlonice ajifunze Kijerumani, juu bila Kijerumani biashara haiendi. Lakini mwalimu wake kule alikuwa pia mupiga orgue. Mutoto alirudi na muziki mingi kupita Kijerumani. Mwaka 1857 alifika Praha kwenye masomo ya orgue, na mwaka 1859 akamaliza.

Hapa wengine wanaweza kuzani kwamba maisha ikakuwa nyepesi. Hapana. Alipata kazi ya kupiga alto, ile ndugu mukubwa ya violoni, ndani ya orkestra ya kucheza kwenye mahoteli na kwenye mabali. Mwaka 1862 orkestra ile ikaingia kwenye tiatri ya Wacheki, na Dvořák akabakia pale paka mwaka 1871. Miaka mingi vile kwenye kiti kimoja, na mushahara mudogo. Aliongeza falanga kwa kufundisha watoto wa watu piano, lakini yeye mwenyewe hakuwa na piano. Muziki yake aliandika usiku. Kila mutu kati yetu aliyefanya poste na kisha kulima shamba anajua maisha ile.

Mwaka 1873 alioa Anna Čermáková. Mwaka 1875 serkali ya Austria ilimupa musaada wa pesa kwa wasanii maskini. Kati ya waamuzi wa musaada ule kulikuwa Johannes Brahms, mutunzi mukubwa wa Vienna. Brahms alipenda kazi yake, na mwaka 1877 alimupendekeza kwa Simrock, muchapishaji wa Berlin. Mulango ulifunguka.

Lakini mwaka ule ule wa 1877 nyumba yake ilikuwa nyumba ya kilio. Mutoto mumoja wa kike alikuwa amekufa tayari mwaka 1875, siku mbili kisha kuzaliwa. Mwezi wa Agosti 1877 mwingine wa kike, Růžena, alikunywa sumu ya fosfori kwa ajali. Mwezi wa Septemba mutoto wa kiume Otakar akafa na ndui, siku ya kuzaliwa ya baba yake. Baba na mama walibakia wawili tu. Dvořák alikamata wimbo wa kanisa juu ya Mama Maria chini ya musalaba, Stabat Mater, kazi aliyokuwa ameiacha katikati, na akaimaliza mbele ya mwaka kuisha. Kisha miaka, Waingereza walimuita aongoze kazi ile ku London mbele ya umati mukubwa. Hivi njo jina lake lilipita mupaka.

Bei ya kazi na jina la mutu

Sasa tufike kwenye mambo ya sendika. Mwaka 1878 Simrock alichapisha Madansi ya Kislavi ya Dvořák. Watu walinunua karatasi zile kwa wingi, na muchapishaji alipata faida kubwa sana. Dvořák alilipwa mark 300. Basi.

Alijifunza. Mwaka 1885 aliandika simfonia yake ya saba. Simrock alitaka kumupa mark 3.000. Dvořák alikataa, akaomba 6.000. Alieleza kwamba yeye ni mutu mwenye watoto, na kwamba kazi ya simfonia inakula miezi mingi. Walivutana kwa barua, na kwa mwisho Simrock alilipa 6.000. Kwa simfonia ya nane, Simrock alishuka kwa mark 1.000. Dvořák hakulia, hakutukana. Aliipeleka kwa muchapishaji mwingine ku London. Sisi tunaofanya majadiliano na wakubwa kila mwaka tunaona pale somo: yule alijua hesabu yake mbele ya kukaa kwenye meza.

Tena kulikuwa na jambo la jina. Simrock alitaka kuandika Anton, kwa Kijerumani, juu jina la Kijerumani linauza. Dvořák alitaka jina lake la Kicheki. Walibishana juu ya ile pia miaka. Kwa mutu mwingine ile ni kitu kidogo, ni herufi tu. Kwa mutu aliyekulia chini ya luga ya wengine si kitu kidogo.

Vysoká, kijiji cha wachimbaji

Mwaka 1884, na pesa ya Uingereza, alinunua kiwanja ku Vysoká, akajijengea nyumba ya wakati wa joto. Na hapa, ndugu wachimbaji, musikilize vizuri, kwa kuwa sisi wenyewe hatukujua. Vysoká iko karibu na muji wa Příbram, na Příbram ni migodi. Walichimba feza na risasi. Mwaka 1875 shimo la Vojtěch lilikuwa limefika metre 1.000 kwenda chini. Wanaume wengi wa vijiji vya pembeni walikuwa watu wa mashimo yale.

Dvořák alikuwa mutu mukubwa tayari, jina lake lilikuwa kwenye magazeti ya Ulaya. Lakini ku Vysoká alifuga njiwa, alilima bustani, alitembea porini asubui, na jioni aliketi kwenye nyumba ya pombe pamoja na wachimbaji na walimaji. Alikuwa mutoto wa nyumba sawa ile. Pale alikuwa kwake.

Tarehe 31 Mei 1892 moto ulishika ndani ya shimo la Marie ku Březové Hory, pembeni ya Příbram. Moshi uliingia mpaka kwenye mashimo ya jirani. Watu 319 walikufa, wengi kwa moshi ule, hapana kwa moto wenyewe. Tunaandika hesabu ile polepole, juu kwetu tunajua hesabu sawa ile inamaanisha nini: wajane, watoto, na nyumba za kampuni zinazopashwa kuachwa. Hatutasema kwamba moto ule unasikika ndani ya muziki ya Dvořák. Hakuna anayeweza kuisema bila kuongeza uongo. Tunasema tu kwamba mwaka ule njo ulikuwa mwaka wake wa kusafiri, na kilio kile aliacha nyuma, kwa majirani.

New York, mushahara mukubwa na mushahara wa kuchelewa

Mama mumoja tajiri wa New York, Jeannette Thurber, alikuwa amefungua masomo makubwa ya muziki. Kule waliingiza wanawake na Weusi, na wenye kukosa pesa walisoma bure; wakati ule ku Marekani ile haikuwa kitu cha kawaida. Alimuita Dvořák awe direkta, kwa mushahara wa dola 15.000 kwa mwaka, mara mingi kupita ile alipata ku Praha. Alifika mwezi wa Septemba 1892 na muke wake na watoto wawili. Watoto wane wengine walibakia ku Bohemia.

Kati ya wanafunzi kulikuwa na kijana Mweusi, Harry Burleigh, mujukuu wa mutumwa. Dvořák alimuita ku nyumba amuimbie nyimbo za watumwa, na akamulomba arudilie tena na tena. Kisha akatangaza ku gazeti kwamba muziki ya kweli ya Marekani itajengwa juu ya nyimbo zile za Weusi. Wakubwa wengi walikasirika. Yeye hakugeuka.

Kuanzia Januari mpaka Mei 1893 aliandika simfonia yake ya tisa, Dunia Mupya. Tarehe 24 Mei, siku aliyoimaliza, ilifika telegramu: watoto wane wamefika ku Southampton, wanapanda meli. Mutu anaweza kufikiri alivyoweka kalamu chini siku ile. Tarehe 16 Desemba 1893 simfonia ilichezwa ku Carnegie Hall. Kisha sehemu ya pili watu walipiga makofi mpaka Dvořák alipashwa kusimama na kuinama mbele yao.

Sehemu ile ya pili inaitwa Largo, maana yake polepole. Filimbi moja ndefu ya mbao, Wafaransa wanaiita cor anglais, inaimba peke yake wimbo mumoja mwepesi, sawa mutu anayeimba kwa sauti ya chini akiwa mbali na kwao. Wengi wanazani ni wimbo wa zamani wa watumwa. Hapana, Dvořák mwenyewe aliutunga. Maneno ya Kingereza juu ya kurudi ku nyumba iliwekwa kisha yeye kufa, mwaka 1922, na mumoja wa wanafunzi wake wa zamani.

Mwaka ule ule wa 1893 mabanki ya Marekani ilianguka. Bwana ya Mama Thurber alipoteza mali mingi, na mushahara wa Dvořák ukaanza kuchelewa. Alikumbusha kwa barua, alingojea, alikumbusha tena. Mutu wa jina kubwa sawa yeye, mwenye kontra imesainiwa, alihesabu miezi ya nyuma sawa mufanyakazi yeyote. Wakati wa joto wa 1894 alirudi Vysoká kwa konje, na kijiji kilimupokea na taa mikononi. Pale pembeni, ku Třebsko, alitolea kanisa orgue mupya. Alirudi New York tena mara moja, na mwezi wa Aprili 1895 akatoka kabisa. Mushahara mukubwa kupita yote ya maisha yake aliuacha. Alirudi kwa njiwa, kwa wanafunzi wa Praha na kwa majirani wa Vysoká. Aliishi miaka tisa tena, akatunga opera Rusalka, na akafa ku Praha tarehe 1 Mei 1904, na miaka 62.

Mara ine, wimbo mumoja

Sasa kadi yetu ya telefone. Karatasi ya nota ni moja. Dvořák aliandika kila kitu. Lakini mikono si mimoja.

Ya kwanza ni ya Arturo Toscanini, Muitaliano aliyekataa kupigia Mussolini wimbo wa chama chake na akapigwa ngumi kwa ile. Walinasa mwaka 1953 ku Carnegie Hall, jumba lile lile la 1893, na Toscanini alikuwa na miaka 85. Mutu hawezi kuamini miaka ile. Anaenda mbio, kila chombo kinasikika safi, hakuna mutu anayelala kwenye kazi. Largo yake inafanya karibu dakika 11. Vijana wetu wa kupiga mashimo walisema ni hii, basi, tufunge mukutano.

Ya pili ni ya Leonard Bernstein, Mumarekani, na orkestra ya Israeli, mwaka 1986. Largo ile ile, nota zile zile, inapita dakika 18. Vijana walilalamika. Lakini mama wawili wa chorale walikuwa pamoja nasi siku ile, na walituambia kwamba ku kilio hakuna mutu anayekimbiza wimbo. Tulisikiliza tena, na ni kweli: kuko mahali Bernstein anaacha kimya kikubwa kinachokamata roho. Kwa maoni yetu anazidisha. Analia zaidi ya mwenye kufiwa.

Ya tatu ni ya Karel Ančerl na orkestra ya Wacheki ya Praha, mwaka 1961. Ančerl alikuwa Muyahudi. Wanazi walimutia kambini. Wazazi wake, muke wake na mutoto wake waliuawa ku Auschwitz, yeye akabakia. Ungefikiri mutu sawa yeye atalia kupita wote. Hapana. Anacheza sawa, wima, bila kukaza na bila kulegeza, sawa mutu anayesimulia mambo makubwa kwa sauti ya kawaida. Mwaka 1968, wakati vifaru vya Urusi viliingia Praha, aliacha inchi. Alikufa ku Toronto mwaka 1973. 

Ya ine ni ya Rafael Kubelík, orkestra ile ile ya Praha, mwaka 1991. Kubelík alikimbia inchi yake mwaka 1948, wakati Wakomunisti walikamata utawala, na akakaa inje miaka 42. Alikuwa muzee, mugonjwa, ameacha kazi, wakati mulango ulifunguka na akarudi kusimama mbele ya orkestra yake ya ujana. Vyombo havigongani safi kila pahali sawa kwa Toscanini. Lakini cor anglais inapoanza, hakuna haraka na hakuna kulia. Inaimba sawa mutu anayetambua njia.

Tuongeze kitu kimoja kwa wale watakaotafuta kusikiliza. Ndani ya simfonia nzima, karibu dakika 40, mupiga sahani za shaba anapiga mara moja tu, kwenye sehemu ya ine, tena kwa sauti ndogo. Kwenye rekodi zingine unapashwa kutia telefone kwenye sikio ili umusikie. Tulimutafuta kwenye zote ine. Yule mutu anakaa, anahesabu, hapotezi hesabu, na saa yake ikifika anapiga. Mwenzetu wa sinyali ya kalakala alicheka sana, akasema yule njo ndugu yake wa kazi. Kungojea vizuri nayo ni kazi, na kazi inalipwa.

Kwa mwisho tulipiga kura, sawa desturi ya sendika. Toscanini alipata kura tano, Ančerl tatu, Bernstein mbili, zile za mama wa chorale. Kubelík alipata moja, ya muzee wetu mwenye kadi.

Tulimuuliza kwa nini. Alijibu kwamba wale wengine watatu wanaimba juu ya kurudi, lakini yule wa ine amerudi, na inasikika. Muzee wetu baba yake alikuja Katanga kutoka Kasai kwa kazi ya mugodi, yeye alizaliwa huku, akafanya kazi huku maisha yake yote. Anataka kwenda kumalizia siku zake kwenye kijiji cha baba yake. Hawezi kwenda, juu mwenye kumutumikisha hajamulipa décompte final yake, na mutu hawezi kurudi kwa watu wake mikono mitupu kisha miaka yote ile. Dosie yake iko kwenye meza yetu, na tunaifuata. Dvořák aliweza kuacha deni la New York na kupanda meli, kwa kuwa alikuwa na nyumba iliyolipwa ku Vysoká. Muzee wetu hana ile.

Njo maana, wasomaji, hatuwezi kusema kwamba muziki hii ni ya watu wengine. Inazungumuza juu ya mutu aliye mbali na kwao na kazi yake. Wote wenye kuwa na décompte isiyolipwa, ya kwao ao ya mufu wao, walete karatasi kwa delege wa pahali pao: kontra, karatasi za mushahara, karatasi ya mwisho wa kazi. Wasingoje. Na wenye kupenda kusikiliza, muzee anakopesha kadi yake kila siku ya tano jioni, kisha mukutano.